Kuwavisha Waliofufuka

Ijumaa, 7 Machi

Mchungaji wetu akisikia kwamba Mwanglikana mzima wa Sagalla amepiga magoti vituo kumi na vinne na Wakatoliki, shauri yake. Mwalimu Ambrose hana mtu mwingine wa kumpeleka Njia ya Msalaba. Alinifundisha historia na kuchora nikiwa sekondari. Leo ana miaka themanini na moja na macho yamekwisha kabisa – presha ya macho. Mkono mmoja fimbo, mkono mmoja begani kwangu. Na bado ndiye anayenielekeza njia!

Kigangoni kwao, huku njia ya Marungu, ana ibada zake mbili kabla ya ibada yenyewe. Ya kwanza ni pipa. Tulilifukia nyuma ya sakristia mwaka 1998, mwaka tuliochora ukuta, na chokaa iliyobaki imo hadi leo, laini kama maziwa mgando, mradi isikauke. Kila Ijumaa anamwaga jagi moja la maji. Huku ambako maji yanafuatwa kilomita tatu! Nikimtania anajibu kwamba ukuta nao huugua, lazima dawa ikae nyumbani. Anatumbukiza kijiti, anapima kimo kwa kidole gumba, anaridhika.

Ya pili ni ukuta wenyewe, nyuma ya altare. Wafu tisa wanatoka ardhini siku ya mwisho. Rangi ni udongo wa Voi huu huu unaotuchafulia soksi, kwa hiyo huwezi kujua ngozi inaanzia wapi na ardhi inaishia wapi. Wako uchi. Wangevaa nini? Mwalimu alimwambia padri wa wakati ule, mzee wa Kizungu, kwamba kaburini hatushuki na fundi cherehani. Yule padri alicheka mpaka akakohoa.

Mbele kabisa kuna mwanamke amejikinga macho na mwanga. Mwalimu humwekea kiganja usoni, kidogo tu, kama unavyompima mtoto homa. Kisha kidole hushuka begani mpaka kwenye kovu, mviringo wa ukubwa wa kifungo, alilolichora kwa msumari plasta ikiwa mbichi. Watu wanadhani anasali. Ni Priscilla, mkewe. Aliungua bega na uji akiwa mtoto. Alifariki 1996, na nyumba ilipoungua mwaka uliofuata picha zake zote zikaenda. Najua mimi peke yangu, kwa sababu siku ya uso ule nilikuwa pale nikipiga plasta, na aliniomba nisimwambie mtu. Miaka ishirini na saba sijasema. Hapa ndio mara ya kwanza ninaandika. Daftari hili litabidi nilifiche.

Kituo cha sita, spika ya hema la walokole ng'ambo ya barabara ikawaka. Mhubiri wao akasema kuna watu hapa jirani wanapigia uchi magoti. Ni sisi hao. Mwalimu akaongeza sauti ya wimbo.

Jumapili, 9 Machi

Video. Mtu ameupiga ukuta wetu kwa simu, akasogea karibu na mapaja, akaweka muziki wa kuchekesha. Imefika hadi kwenye grupu yetu ya wachora mabango wa Voi. Mmoja ameniuliza kama huyo fundi bado anapokea kazi. Pumbavu!

Jioni akapiga simu Mama Ndunge, mwenyekiti wa akina mama wa kigango, yule mwenye duka la nafaka. Familia nne zimehamia hema tangu Januari. Na binti yake mwenyewe, Mbinya, naye ameenda. Baraza la kigango linataka kuniona Jumanne. Mwalimu asiambiwe kwanza.

Kwa nini asiambiwe?

"Wee kuja tu, Janet. Usinitoe maneno kwa simu."

Jumanne, 11 Machi

Walikuwa wamekaa wameupa ukuta mgongo. Nikajua mapema.

Mwenyekiti wa baraza ni Kimeu, mkandarasi, mtu wa kuongea akiangalia saa. Baba Askofu anakuja tarehe 4 Mei kutoa Kipaimara. Kabla ya hapo hawa watu tisa wavishwe nguo. Na fundi aliyebaki ni mimi.

Nikasema tuweke pazia. Si hata sanamu hufunikwa vitambaa vya zambarau Kwaresima ikielekea mwisho? Kimeu akasema pazia hufunguliwa, na wa kwanza kulifungua watakuwa hao vijana wa Kipaimara. Kweli, siwezi kubisha.

Halafu – Mungu anisamehe, nilitaka kucheka – wakaanza kugombania nguo. Mama Ndunge anataka wanawake wavae kitenge cha chama, ile sare ya bluu. Mama mwingine akauliza, na wale waliokufa kabla sare haijanunuliwa? Mzee mmoja akasema wanaume wavae suruali, ya kitambaa, si jinzi. Leso ikapendekezwa, ikakataliwa kwa sababu ya maandishi. Watu wangekuja Misa kusoma mapaja. Mwisho Padri, kijana mpole ambaye hajamaliza mwaka hapa, akafungua Ufunuo: mavazi meupe. Wote wakaitikia. Mavazi meupe, marefu, yenye mikono. Nikaomba mwanamke wa mbele aachwe bega moja wazi. Walinitazama kana kwamba nimeleta pombe.

Nikasema ukuta ni kazi ya Mwalimu, aulizwe.

"Mzee haoni," Kimeu akasema. "Na kitu haoni haiwezi kumuuma. Mnataka presha impande tumzike juu ya rangi?"

Padri akaangalia viatu vyake.

Nikasema sifanyi. Kimeu hata hakukasirika. Ana tiles zimebaki kwa kazi yake moja mjini, nzuri, rangi ya krimu. Ukuta mzima ni siku mbili. "Chagua wewe, fundi. Nguo ama tiles."

Nilikuwa na neno moja la kuwanyamazisha. Yule wa mbele ni mke wa mtu. Ni kumbukumbu ya mtu! Lakini neno hilo hilo ndilo lingemmaliza Mwalimu. Mkewe, uchi, kanisani, na sasa kwenye simu za watu Marungu nzima. Nikalimeza.

Jumatano, 12 Machi

Nimetafuta daftari langu la historia la Form Four. Mchwa wamekula pembeni, katikati pamebaki.

Ulaya, karne ya kumi na sita. Mwandiko wangu wa kujipendekeza, vichwa vya habari vimepigiwa mstari mara mbili. Mjini Zurich, watu wa Matengenezo walitoa picha zote makanisani, wakapaka kuta chokaa, wakafurahia ule weupe. Luther mwenyewe hakupenda fujo za kuvunja sanamu. Wakatoliki nao, walipoona wanachekwa, wakakaa kikao mjini Trento wakasema picha zibaki, ila ziwe na adabu. Na kule Roma, Mikelanjelo alikuwa amejaza ukuta mzima siku ya mwisho, watu uchi kibao. Mwaka 1564, mwaka aliokufa, ikaamriwa wafunikwe. Aliyepewa kazi ni Daniele – rafiki yake, ambaye alikuwa kando ya kitanda chake siku zake za mwisho. Watu wakambandika jina la kumcheka, mshona suruali, na hadi leo hajulikani kwa kingine.

Mwalimu alitusimulia hayo chaki ikiwa sikioni. Baadaye, tukichora ukuta, alinirudia nayo akinielekezea brashi puani. Wewe Janet, usije ukawa mshona suruali wangu! Tulicheka sana. Mimi nilicheka zaidi.

Jumamosi, 15 Machi

Sagalla, kwa Baba. Bodaboda mpaka juu, tanki lake tupu, nikamwachia jerikeni mbili nilizobeba.

Kanisa letu kule ni jeupe ndani kama yai. Hakuna kitu ukutani ila orodha ya nyimbo. Baba aliwasomea watu masomo ya ibada pale miaka arobaini. Mwaka 1998 nilipoenda kuchorea Wakatoliki hakunisemesha mwezi mzima. Nilidhani leo atafurahi. Kwa kweli nilienda ili afurahi, nipate mtu wa kumkasirikia.

Nilimweleza yote, isipokuwa Priscilla. Alisema alinionya: ukuta mweupe haugombanishi mtu na jirani. Kisha akaendelea kuambua mbaazi. Akaniuliza kama Ambrose anajua.

Nikasema hajui.

"Basi dhambi yenu iko hapo," akasema. "Si kwa mapaja."

Akanipa kibaba cha mbaazi nirudi nacho. Sikupata wa kumkasirikia.

Ijumaa, 21 Machi

Leo nilikuwa niseme. Nilianza mara tatu.

Kwenye pipa, Mwalimu akasema kimo kiko sawa, niletee jagi. Nikaleta jagi. Njiani kuingia kanisani nikasema Mwalimu, kuna jambo, na katekista akatokea kumsalimu. Mara ya tatu ilikuwa ukutani. Kiganja chake kilikuwa usoni pa Priscilla, na kabla sijafungua mdomo aliniambia kitu ambacho hajawahi kukisema. Kwamba sura yake imeanza kumtoka kichwani. Akifumba macho – anayaita kufumba, maskini, kana kwamba kuna tofauti – anapata sauti, anapata harufu ya mafuta ya nywele, lakini sura haiji.

"Mpaka nimguse hapa. Uso, halafu kovu. Hapo ndio anarudi mzima."

Nilisema, twende tukakae Mwalimu, wanaanza.

Mimi mwoga. Acha niandike wazi, mimi mwoga.

Jumatatu, 24 Machi

Nimempigia Padri. Amesema anaelewa. Amesema mara nne kwamba anaelewa. Amesema uamuzi ni wa baraza.

Saa nane Kimeu ametuma picha. Maboksi kumi na manne ya tiles chini ya ukuta, na fundi wake amesimama na patasi. Ili tiles zishike, ukuta hukwanguliwa kwanza. Patasi ile iko usawa wa goti la Priscilla.

Nimemjibu nitakuja Jumatano. Alikuwa ameshanunua rangi ya mafuta, nyeupe ya kung'aa. Nimemwambia juu ya chokaa itabanduka kabla Askofu hajavuka Maungu njiani kuja. Hilo alilisikia. Kazi ni kazi.

Jumatano, 26 Machi

Wanane.

Zamani tulipiga plasta mbichi kiasi cha kuchorwa siku moja tu, rangi inanywewa humo humo, haitoki tena. Mwalimu alikiita kiraka hicho shamba la leo. Usilime zaidi ya unachoweza kuvuna jua likiwa juu, alikuwa akisema. Ukisogea karibu bado unaiona mipaka ya mashamba, kila siku na lake. Leo nimepita juu ya mashamba yote hayo na brashi ya inchi nne.

Nimetumia chokaa ya pipa. Ya dukani ina chenga, vidole vyake vingeijua hapo hapo. Nimechekecha mchanga mara tatu, nikachanganya kidogo, ili ukwaruzo ulingane na wa plasta ya zamani. Kingo za nguo nimezififisha kwa kitambaa chenye maji, shingoni, vifundoni, pasiwe na ngazi. Kimeu alipita akasema mbona kazi safi hivi, hata haijulikani nguo inaanzia wapi. Hajui ninamvalishia nani. Mimi siwapaki kwa ajili ya macho ya mtu yeyote.

Yule mzee wa kushoto aliyekuwa na mbavu nzuri – mbavu zile nilichora mimi, shamba langu la kwanza maishani. Zimekwisha kwa viboko sita vya brashi.

Priscilla nimemwacha hadi kesho.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeanzia miguuni. Nimepanda polepole kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Nimemwambia samahani kila kipande. Kwa sauti! Kanisa tupu, hakuna aliyenisikia ila ndege kwenye mabati.

Begani nilikaa sana. Chokaa ikajaa kwenye kovu, likatoweka. Nikasubiri ishike kidogo, nikachukua msumari, nikalichonga upya juu ya nguo, mahali pale pale. Nilikuwa nimepima kwa uzi kutoka kidevuni. Kovu juu ya vazi jeupe la Ufunuo! Kwa mbali halionekani. Likionekana watadhani ni kifungo.

Mama Ndunge alikuja na chupa ya chai na mandazi. Aliwatazama muda mrefu. "Sasa wamependeza, dadangu. Kama malaika." Kisha akakaa kwa boksi la tiles akaniuliza kama nafikiri Mbinya atarudi.

Nikasema sijui.

Alikuwa analia, na mimi nikalia, kila mtu na lake. Nilitaka kumchukia, nimeshindwa. Tukamaliza mandazi.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika kanisani, benchi la mwisho, daftari gotini. Sala bado nusu saa. Mikono afadhali ishike kalamu.

Asubuhi nilimpigia Mwalimu nikamwambia naumwa. Akasema pole, lala, mimi nitaletwa na katekista kwa pikipiki. Basi nikaja mbio. Heri niwepo.

Ukuta umekauka vizuri na hili joto. Nimefumba macho nikapitisha vidole vyangu mwenyewe, uso, shingo, bega, kovu. Sikuona mshono. Mara mbili sikuona. Nikajipongeza, mjinga mimi!

Kisha nikasikia pikipiki imezimwa, na hatua haziji mlangoni. Zinazunguka nyuma ya sakristia.

Pipa.

Siku zote hizi nimewaza vidole, vidole, vidole, nikasahau pipa! Nimechota zaidi ya nusu. Dirisha liko wazi, nasikia kila kitu. Kifuniko cha mabati. Kijiti kinashuka. Kinaendelea kushuka. Kimegonga chini, mbali. Kimetoka, kimerudi tena. Katekista anasema labda limetoboka, Mwalimu. Nangojea sauti ya jagi la maji na haiji.

Wameingia. Hakumsalimu mtu. Padri amesimama mlangoni pa sakristia, Mama Ndunge benchi la mbele na rozari yake. Mwalimu amemwachia katekista fimbo. Anahesabu hatua kama siku zote, kumi na moja.

Kiganja usoni. Leo kimekaa sana.

Anaongea pole pole na kanisa ni kimya, namsikia mpaka huku, anataja siku za mwaka ule. Uso, shamba la Jumatano. Shingo, shamba la Alhamisi. Kidole kinashuka. Bega.

Amelipata kovu.

Amelizunguka mara moja. Mara ya pili. Amepanda tena shingoni, anashuka, safari hii kwa ukucha. Amekipeleka kidole mdomoni. Anaionja! Chokaa ya jana bado ina ukali wake, alinifundisha mwenyewe.

"Na hili ni shamba la lini?"

Ameuliza akiuelekea ukuta. Katekista ananitazama. Padri ananitazama. Mama Ndunge ameacha shanga. Wote wanangojea nijibu, na mimi naandika.

"Janet yupo?"

Katekista amesema yupo, nyuma.

Anakuja. Hakuchukua fimbo. Anashika benchi moja, lingine, lingine. Mlango wa pembeni uko wazi, ningeweza kutoka. Bado nimekaa. Hajakasirika, uso wake hauna hasira, na hilo ndilo linaloniua. Benchi tatu. Mbili.

Amesimama mbele yangu. Amenyoosha kiganja, kimejaa vumbi jeupe. Anasema, mwanangu, hebu nipe mkono wako.

Wa kulia. Ni huu ninaoandikia, na kucha zote bado zina chokaa.